Nguvu, Ugumu au Usugu? Istilahi Moja ya Sumaku na Mambo Yanayoongoza Uteuzi Wake

Istilahi haiwi njema kwa kuwa inapendeza sikioni, wala kwa kuwa imelingana na neno la kigeni silabi kwa silabi. Huwa njema pale inapomfikisha mtumiaji kwenye dhana bila kumpotosha njiani. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza dhana moja tu ya fizikia, ambayo wataalamu wa sumaku huipima kila siku katika maabara zao, na ambayo mtu akilitohoa jina lake la Ulaya ataiita koasiviti. Jina hilo limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana au kuzuia.

Tumeichagua dhana hii kwa sababu mbili. Kwanza, imo ndani ya vitu vingi tunavyovitumia: kadi ya benki yenye ukanda mweusi mgongoni, kanda za redio zilizohifadhi hotuba na nyimbo za miaka iliyopita, transfoma juu ya nguzo ya umeme, spika, dira ya nahodha, na diski za kompyuta. Pili, maneno ambayo mwandishi wa Kiswahili huyakimbilia kwanza, yaani "nguvu ya sumaku" na "ugumu wa sumaku", yote mawili humpeleka msomaji mahali pasipo. Fundi anayesoma maelezo yenye kosa hilo aweza kuchagua kitu kisichofaa kabisa kwa kazi yake. Kwa hiyo suala lililo mbele yetu ni la lugha, lakini hasara yake yaweza kuonekana karakanani.

Ili tuweze kuendelea, tutaiita dhana hiyo usugu-sumaku, au usugu kwa ufupi. Sababu za kulipendelea neno hilo zitajitokeza kadiri maelezo yanavyosonga mbele, nasi tutazikusanya mwishoni.

1. Dhana yenyewe

Chukua msumari wa chuma laini na sindano ya kushonea iliyotengenezwa kwa feleji. Visugue vyote viwili kwa sumaku, kuelekea upande mmoja, mara nyingi. Vyote vitaweza kunasa pini. Lakini ukiugonga msumari mara chache tu, au ukiupitishia ncha ya kinyume ya sumaku ile, utaona umekwisha kusahau ulichofundishwa; ilhali sindano, ukiining'iniza kwa uzi, itaendelea kuelekea kaskazini na kusini. Kwa sababu hiyo chuma laini hakifai kwa sindano ya dira. Tofauti iliyopo baina ya vitu hivi viwili ndiyo tunayoitafutia jina.

Katika maabara jambo hili hupimwa kwa utaratibu maalumu. Kitu huwekwa ndani ya koili inayopitisha umeme, na umeme huongezwa hatua kwa hatua. Usumaku wa kitu hupanda mpaka ufike mahali ambapo hata umeme ukizidishwa haupandi tena. Hapo twasema kitu kimeshiba. Kisha umeme hupunguzwa mpaka sifuri. Usumaku haurudi sifuri. Hubaki sehemu fulani, nayo yaweza kuitwa usumaku baki. Sasa umeme hugeuzwa na kupitishwa kinyume, kidogo kidogo, hadi usumaku ule utoweke wote. Uga sumaku wa kinyume uliohitajika kufikia hapo ndio kipimo cha usugu.

Kipimo hicho huandikwa kwa ampea kwa mita. Katika vitabu vya zamani, na katika biashara ya kanda na kadi hata leo, hutumika pia kizio kiitwacho ostedi, kilichopewa jina la mwanafizikia wa Denmark, Hans Christian Ørsted. Ostedi 1 ni sawa na ampea 79.6 hivi kwa mita.

Safari hii ya kwenda na kurudi ikichorwa katika grafu haifuati njia moja, bali hufanya kitanzi. Mskoti James Alfred Ewing, aliyekuwa akifundisha Tokyo mwanzoni mwa miaka ya 1880, aliipa tabia hiyo jina la Kigiriki lenye maana ya kubaki nyuma, nasi twaweza kusema histeresisi. Upana wa kitanzi hicho ndio unaoonyesha usugu: kitanzi chembamba ni cha kitu kisicho na usugu, na kitanzi kipana ni cha kitu chenye usugu mwingi.

2. Kwa nini "nguvu" haitoshi

Neno nguvu katika lugha ya kila siku hubeba mizigo mingi, na si lengo letu kulilaumu. Katika somo hili, hata hivyo, yapo mambo matatu yanayotakiwa kutenganishwa: uga unaotoka nje, kiasi cha usumaku ambacho kitu kinaweza kubeba kikishiba, na ukaidi wa kitu hicho dhidi ya kugeuzwa. Yote matatu yakiitwa "nguvu ya sumaku", mwanafunzi hana njia ya kuyatofautisha.

Tutazame takwimu. Chuma cha kawaida kikishiba hubeba usumaku wa tesla 2.15 hivi. Sumaku za kisasa za neodimi, chuma na boroni, zilizotangazwa katika miaka ya 1983 na 1984 na ambazo ni miongoni mwa sumaku za kudumu zilizo bora kuliko zote, hubeba tesla 1.6 hivi. Kwa kipimo hiki chuma cha kawaida ndicho chenye "nguvu" zaidi. Lakini tukipima usugu, chuma kina ampea 80 hivi kwa mita, na sumaku ya neodimi ina ampea laki tisa na zaidi. Ya pili imeizidi ya kwanza zaidi ya mara elfu kumi. Mtu aliyeambiwa tu kwamba sumaku ya neodimi ina "nguvu zaidi" hakuelezwa jambo lolote juu ya sababu ya ubora wake.

Tena, usugu mwingi si sifa njema kila mahali. Kiini cha transfoma husumakishwa na kugeuzwa mara 50 kila sekunde, na kila mzunguko wa kitanzi cha histeresisi hupoteza nishati kama joto. Kwa hiyo hutakiwa usugu mdogo iwezekanavyo. Sumaku ya spika haitakiwi kubadilika maisha yake yote. Kwa hiyo hutakiwa usugu mkubwa. Ukanda wa kurekodia hukaa katikati: uwe na usugu wa kutosha kuitunza sauti, lakini usizidi mno hata kichwa cha kinasa sauti kikashindwa kuuandika. Wale waliotumia kaseti watakumbuka kwamba baadhi ya vinasa sauti vilikuwa na swichi ya aina ya kaseti. Kanda ya oksaidi ya chuma ina usugu wa ampea 24,000 hivi kwa mita, na ile ya oksaidi ya kromi imezidi 40,000. Swichi ile iliongeza umeme wa kurekodia ili kuushinda usugu uliozidi.

3. Vikoa na kuta zake

Kabla ya kueleza ni mambo gani yanayobadili usugu, yatupasa kutazama ndani ya kitu chenyewe. Mwaka 1907 Mfaransa Pierre Weiss alieleza kwamba kipande cha chuma kimegawanyika katika sehemu ndogo ndogo, na katika kila sehemu atomu zote zimeelekeza usumaku wao upande mmoja. Sehemu hizo twaweza kuziita vikoa. Watu wa pwani walipokula kikoa, walishirikiana katika jambo moja, kila mmoja kwa zamu yake. Na atomu za kikoa kimoja nazo zimeungana katika mwelekeo mmoja. Baina ya kikoa na jirani yake mna mpaka mwembamba ambamo mwelekeo hugeuka taratibu kutoka upande huu hadi upande ule. Mpaka huo ndio ukuta wa kikoa.

Kitu kikiwekwa katika uga wa kinyume, usumaku wake waweza kugeuka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kuta kutembea: vikoa vinavyokubaliana na uga hupanuka, na vinavyopingana nao humezwa. Njia ya pili ni ya kikoa kizima kugeuka kwa pamoja, kama kikosi cha askari kinachogeuka nyuma kwa amri moja. Njia ya kwanza kwa kawaida ni rahisi, na ya pili ni ngumu. Karibu kila jambo linaloongeza usugu hufanya hivyo ama kwa kuzizuia kuta zisitembee, ama kwa kuviondoa vikoa vingi vyenye kuta na kuacha chembe zinazolazimika kugeuka nzima nzima.

4. Mambo yanayobadili usugu

Maelezo yanayofuata yanahusu vitu vyote vyenye usumaku, lakini yanahusu zaidi tando nyembamba. Utando mwembamba, kwa maana ya somo hili, ni tabaka la metali lililowekwa juu ya kioo, alumini au kitu kingine, lenye unene wa nanometa chache hadi mamia kadhaa. Nanometa 1 ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Katika unene mdogo kiasi hicho, kila badiliko dogo la utengenezaji huonekana mara moja katika kitanzi cha histeresisi.

(a) Mapendeleo ya mwelekeo. Fuwele ya kobalti haioni pande zote kuwa sawa: kuna mhimili mmoja ambao usumaku hupenda kulala juu yake, na kuuondoa hapo kunahitaji nishati. Mapendeleo hayo yaweza kutokana pia na umbo, kwa mfano chembe iliyo ndefu na nyembamba. Mwaka 1948 Edmund Stoner na Erich Wohlfarth, wa Chuo Kikuu cha Leeds, walikokotoa usugu wa chembe ndogo inayogeuka nzima, wakaonyesha kwamba unakuwa mkubwa kabisa pale uga unapofuata mhimili unaopendelewa, na kwamba hutoweka pale uga unapoukata mhimili huo kwa pembe mraba. Kwa hiyo hata pembe ya kupimia hubadili jibu.

(b) Dosari. Vitu halisi karibu kamwe havifikii usugu ule unaokokotolewa kutokana na mapendeleo ya fuwele. Aghalabu hupata sehemu ndogo tu yake. William Fuller Brown alilionyesha fumbo hilo katika miaka ya 1940, nalo limepewa jina lake. Ufumbuzi wake umo katika dosari. Katika kitu chenye usugu mwingi, mahali penye dosari, kama vile ukingo wa chembe ulioharibika, ndipo ugeukaji unapoanzia, kama vile ngome inavyovunjwa penye ufa. Lakini katika kitu chenye usugu mdogo, mambo hugeuka: takataka, tundu au ufa hunasa kuta za vikoa zisitembee, na usugu hupanda. Hivyo dosari ya namna moja yaweza kushusha usugu hapa na kuupandisha pale. Ni lazima kwanza tujue ugeukaji unafuata njia ipi.

(c) Ukubwa wa chembe. Hapa pana kanuni inayowashangaza wengi. Tukianza na chembe kubwa na kuzipunguza, usugu huongezeka, kwa kuwa mipaka ya chembe huwa mingi na kuta hunaswa. Zikifikia udogo wa kubeba kikoa kimoja tu, usugu hufika kileleni. Zikizidi kupungua, usugu huanguka. Na mwishowe joto la kawaida la chumbani latosha kuugeuza usumaku ovyo, na usugu huwa sifuri. Haya ni kwa chembe zilizotengana. Chembe zikiwa zimegusana na kushikamana kwa nguvu, udogo huzifanya zishauriane na kufuata wastani wa wote, na mapendeleo ya kila moja hufutwa na ya jirani zake. Aloi ya chuma yenye chembe za nanometa 10 hivi, iliyotangazwa na wataalamu wa Japani mwaka 1988, ni mfano wake. Katika aloi za namna hiyo usugu hufuata kipeo cha sita cha kipenyo cha chembe: chembe ikipunguzwa nusu, usugu hupungua mara 64.

(d) Unene wa utando. Louis Néel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1970, alionyesha mwaka 1956 kwamba ikiwa utando una mabonde na vilima vidogo vidogo, ukuta wa kikoa hupenda kukaa mahali palipo pembamba, kwa kuwa huko eneo lake hupungua. Kadiri utando unavyokuwa mwembamba, ndivyo mabonde hayo yanavyokuwa na uzito, na ndivyo usugu unavyopanda. Kwa hesabu yake, unene ukipunguzwa mara 8, usugu huongezeka mara 16. Tando halisi hazifuati daima hesabu hiyo kwa usahihi, kwa sababu unene hauwi peke yake: unapobadilika, ukubwa wa chembe na mkazo navyo hubadilika.

(e) Mkazo. Utando uliowekwa juu ya kioo chenye moto hupoa pamoja nacho, lakini viwili hivyo havinywei sawasawa. Utando hubaki umevutwa au umebanwa. Kwa kuwa metali nyingi zenye usumaku hubadilika urefu kidogo zinaposumakishwa, mkazo nao hugeuka kuwa mapendeleo ya mwelekeo. Aloi ya nikeli na chuma yenye nikeli karibu asilimia 80 imekuwa kipenzi cha mafundi kwa sababu katika mchanganyo huo badiliko la urefu hukaribia sifuri, na mkazo hauna cha kushika.

(f) Hewa na joto la utengenezaji. Tando nyingi hutengenezwa ndani ya chombo kilichotolewa hewa na kutiwa gesi kidogo ya agoni. Ayoni za gesi hiyo huligonga bamba la metali, na atomu hung'oka na kutua juu ya kioo. Shinikizo la agoni likiwa dogo, utando huwa umeshikamana vizuri. Likiongezwa, utando huota kama nguzo zilizotengana, na katika tando za kobalti usugu huongezeka. Kioo kikipashwa moto kabla, kromi iliyomo katika aloi ya kobalti hukimbilia mipakani mwa chembe na kuzitenganisha. Tabaka la kromi likitangulizwa chini, huwa kama kitalu kinachoziongoza fuwele za kobalti zilale upande unaotakiwa. Haya yote hufanyika bila kugusa tabaka lenyewe lililo juu.

(g) Jirani. Mwaka 1956 W. H. Meiklejohn na C. P. Bean, huko Marekani, walitangaza kwamba chembe za kobalti zilizovishwa oksaidi yake, zikipozwa ndani ya uga, hupata kitanzi kilichosogea upande mmoja. Oksaidi ile ni antiferosumaku, yaani kitu ambacho atomu zake zina usumaku lakini zimepangwa moja juu, moja chini, hata jumla yake ni sifuri. Kitu kisicho na usumaku wa kuonekana humshika mkono jirani yake mwenye usumaku na kumzuia asigeuke. Mara nyingi usugu nao huongezeka.

(h) Halijoto na muda. Kwa kawaida usugu hupungua joto linapopanda, na kutoweka katika halijoto ya Curie, ambayo kwa chuma ni nyuzi 770 za Selsiasi na kwa nikeli ni 358 hivi. Muda nao una sehemu yake: uga ukigeuzwa upesi, joto halipati nafasi ya kusaidia ugeukaji, na usugu huonekana mkubwa kuliko unapopimwa polepole.

5. Mfano mmoja unaotosha kuamua

Katika mifano yote tunayoijua, ulio wazi zaidi ni wa utando wa chuma na platini, atomu kwa atomu nusu kwa nusu. Ukiwekwa juu ya kioo baridi, atomu za aina mbili hukaa ovyo, bila mpango, na usugu wake ni mdogo. Utando huo huo ukipashwa moto wa nyuzi 500 hadi 600 hivi, atomu hujipanga safu kwa safu: safu ya chuma, safu ya platini, tena safu ya chuma. Mapendeleo ya mwelekeo huwa makubwa mno, na usugu hupanda mamia ya mara. Haikuongezwa atomu hata moja, wala haikuondolewa. Kilichobadilika ni malezi tu.

Mfano huu watuonyesha jambo ambalo istilahi yetu haina budi kulibeba. Usugu haufanani na uzito wa atomu au halijoto ya Curie, ambazo mtu huzisoma katika jedwali akijua kuwa hazitabadilika kwa kipande hiki au kile. Swali "usugu wa kobalti ni kiasi gani?" halina jibu mpaka tuulize: kobalti iliyotengenezwaje, yenye chembe za ukubwa gani, katika unene upi, juu ya tabaka gani, ikapimwa katika joto gani na kwa haraka ipi?

Wahandisi wa diski za kompyuta wamelijua jambo hili kwa gharama. Diski ya kwanza ya biashara, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilipakwa rangi yenye unga wa oksaidi ya chuma. Baadaye rangi iliachwa na tando za aloi za kobalti zikashika nafasi yake, zenye chembe za chini ya nanometa 10 na usugu unaofikia ampea laki kadhaa kwa mita. Ili habari nyingi zaidi ziandikwe, chembe hazina budi kuwa ndogo zaidi; lakini chembe ndogo hupoteza kumbukumbu kwa joto la kawaida. Dawa yake ni kutumia kitu chenye mapendeleo makubwa, kama chuma na platini. Hapo tena usugu huzidi uwezo wa kichwa cha kuandikia. Suluhisho lililofika sokoni katika miaka ya 2020 ni kukipasha moto kitone cha diski kwa leza kwa kitambo kifupi mno, kukiandika usugu unapokuwa umelegea, kisha kukiacha kipoe na usugu wake umrudie mlinzi wa habari. Waliofanya hivyo hawakuigeuza diski kuwa kitu kingine. Waliushusha usugu wake kwa muda, wakaurudisha.

6. Kupima maneno

Sasa twaweza kuyapima maneno yanayoweza kupewa dhana hii.

"Nguvu shurutishi" ni tafsiri ya neno kwa neno. Kasoro yake ni mbili: kwanza, kinachopimwa ni uga, wala si kani, pili, humfanya msomaji adhani kwamba kitu chenyewe kinamshurutisha mwingine, ilhali ndicho kinachokataa kushurutishwa.

"Ugumu wa sumaku" una historia. Zamani feleji ngumu ilikuwa na usugu mwingi na chuma laini kilikuwa na usugu mdogo, na mafundi wakazoea kusema sumaku ngumu na sumaku laini. Leo tunazo aloi za chuma na boroni zilizopozwa ghafula hata zikakosa fuwele, kama kioo. Ukizikata kwa msumeno utaona ni ngumu mno. Ukizipima usugu, ni miongoni mwa vitu vyenye usugu mdogo kabisa, na hutumika katika viini vya transfoma. Mwanafunzi atakayeambiwa kuwa kitu hicho kigumu ni "laini" atahitaji maelezo ambayo jina lilipaswa kumpunguzia.

"Ukinzani" ni neno zuri, lakini limekwisha kuolewa na umeme. Kulipa kazi ya pili katika somo hilo hilo, tena katika ukurasa ambamo koili na mkondo wa umeme vinatajwa, ni kutafuta mkanganyiko.

"Ukaidi" hukaribia sana, nasi tumelitumia hapo juu kama maelezo. Lakini ukaidi hutajwa kama tabia ya mtu asiyesikia, nao hauelezi umetoka wapi.

"Koasiviti" si kosa. Istilahi nyingi za sayansi zimeingia kwa njia hiyo, na histeresisi ni mojawapo. Hata hivyo haimwambii msomaji lolote, na pale ambapo lugha ina neno lake lenye kueleza, kutohoa kuwe chaguo la mwisho.

Limebaki usugu. Sugu ni ngozi iliyokuwa ngumu kiganjani mwa mkulima kwa kushika mpini wa jembe. Hakuna anayezaliwa nayo. Huja kwa kazi, na kazi ikikoma huweza kupungua. Mtu sugu ni yule ambaye adhabu haimwathiri tena. Matabibu nao wamelichukua neno hili kueleza vijidudu visivyosikia dawa, na vijidudu hivyo navyo hufikia hali hiyo kwa yale yaliyovipata. Katika maana zote hizi mna mambo mawili pamoja: kukataa kubadilishwa, na kuwa kukataa huko kumetokana na malezi. Ndiyo hasa maana tunayoihitaji. Matumizi ya kitabibu hayatadhuru, kwa kuwa neno sumaku litaambatanishwa pale penye shaka.

7. Pendekezo

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo yafikiriwe:

Usugu-sumaku: kiasi cha uga sumaku wa kinyume kinachohitajika ili kuuondoa wote usumaku wa kitu kilichokuwa kimeshiba, hupimwa kwa ampea kwa mita.

Usumaku shibe: usumaku wa juu kabisa ambao kitu kinaweza kubeba.

Usumaku baki: usumaku unaosalia katika kitu baada ya uga wa nje kuondolewa.

Kikoa-sumaku: sehemu ya kitu ambamo atomu zote zimeelekeza usumaku upande mmoja.

Utando mwembamba: tabaka la kitu, lenye unene wa nanometa chache hadi mamia kadhaa, lililowekwa juu ya kitu kingine.

Kwa istilahi hizi mtu aweza kusema sentensi kamili ambayo fundi ataifuata bila kuuliza. Kadi za benki, kwa mfano, zimekuwa za aina mbili: zenye ukanda wa usugu mdogo, ostedi 300 hivi, na zenye ukanda wa usugu mkubwa, ostedi 2,750 hivi. Ya kwanza yaweza kufutwa na sumaku ndogo ya kufungia mkoba; ya pili huvumilia. Tukisema ya pili ina "sumaku yenye nguvu", mwenye mkoba ataogopa kwamba kadi yake itaharibu vitu vingine. Tukisema ina usugu mkubwa zaidi, ataelewa kuwa ni salama zaidi dhidi ya kufutwa. Neno moja limembadilishia uamuzi.

Hatudai kwamba uteuzi huu ni wa mwisho. Istilahi hupata uhai wake darasani, karakanani na katika vitabu, wala haipati kwa kuandikwa katika orodha. Tunawaomba walimu wa fizikia, mafundi wa umeme na watunzaji wa kanda za kale walijaribu neno hili katika kazi zao za kila siku, kisha watuletee maoni: ni wapi limesaidia, na ni wapi limekwama.